Sumu ya Muhogo Haivunjiki Kwenye Kinu

Itiryo, Jumamosi, mwezi wa tisa, 1985.

Jua limekuwa kali tangu saa moja asubuhi na hakuna wingu hata la kudanganya. Nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya kaka yangu Marwa, daftari juu ya magoti. Mikono inanuka muhogo mbichi. Mwili umechoka, lakini akili bado iko kwenye mkutano wa kijiji wa jana.

Nataka niandike yote kwa mpangilio kabla sijaanza kujitetea.

Jumatano, dereva wa lori aliniletea barua ya Marwa shuleni Mugumu, ninakofundisha kemia. Ilikuwa fupi. Binti yake Ghati, wa miaka kumi na miwili, aliamka asubuhi moja akashindwa kutembea. Hospitali walisema si polio. Baada ya siku chache mke wa jirani yetu Chacha naye akapatwa vilevile. Mvua zimekatika, mahindi yamekauka yakiwa mafupi kama nyasi, na tangu mwezi wa saba wanakula muhogo tu. Mwisho aliandika: "Wewe uliyesoma, njoo uone."

Nilirudia mahali alipoandika "muhogo tu". Halafu niliingia maabara, nikakata vipande vya karatasi, nikavilowesha katika maji ya njano ambayo kila mwaka huwa nawaonyesha wanafunzi wa kidato cha nne. Karatasi hizo zikikutana na hewa ya sumu ya muhogo hubadilika, kutoka njano hadi rangi ya tofali. Nikazifunga ndani ya chupa, nikaomba ruhusa ya siku nne.

Alhamisi nilipita kwanza hospitali ya Tarime kumtafuta daktari aliyemwona Ghati. Ni kijana, ana macho ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa wiki nzima. Aliniambia amewaona na wengine, wengi wao wanawake na watoto kutoka vijiji vyenye njaa. Miguu inakakamaa ghafla, kisha hali inabaki pale pale. Haizidi.

"Na nguvu ya miguu inarudi?" nikamwuliza.

"Sijaona iliyorudi yote," akasema. "Wengine hupata nafuu kidogo. Naomba usimwambie mtoto kwamba mimi ndiye niliyesema."

Nilifika nyumbani alasiri. Ghati alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Aliponiona alishika ukuta akajiinua ili anisalimu amesimama. Alisimama kwa ncha za vidole, magoti yamegongana, miguu inapishana kama mkasi. Sikuwahi kuona mtoto akipigana hivyo na miguu yake mwenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama. Inauma?"

"Haiumi. Inakataa tu."

Nilimshika akakaa. Nilitaka kulia, lakini wifi yangu Boke alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, na macho yake yalikuwa yanangoja niseme kitu cha maana. Nikamwomba anionyeshe unga wanaosongea ugali.

Alileta ungo. Unga mweupe, laini, msafi. Alikuwa anajivunia.

"Nafanya vilevile ulivyonifundisha," alisema. "Namenya, natwanga ungali mbichi, naanika juani asubuhi, jioni nauchekecha. Siku moja tu. Hata majirani nimewaonyesha. Nimewaambia, hii ni njia ya mwalimu."

Njia ya mwalimu.

Hapa ndipo ninapotakiwa kuwa mkweli. Mwezi wa sita nilipokuja likizo, njaa ilikuwa imeanza kupiga hodi. Mama yangu alikuwa na rundo la muhogo uliomenywa, kaufunika kwa majani, anangoja uote ukungu mweusi. Ukishaota, huukwangua, huutwanga mabongemabonge, kisha huuanika kwenye mwamba mpaka ukauke kabisa. Kazi ya wiki nzima na zaidi. Watoto walikuwa wanasubiri na matumbo matupu. Mimi niliona ukungu ule nikasema ni uchafu. Nilisema mbele ya mama, na mbele ya mkwe wake. Nikamwambia Boke kwamba hakuna haja ya kungoja, kwa sababu kutwanga kunaivunja sumu, na jua la siku moja linamalizia.

Nilisema "kunaivunja". Nakumbuka kabisa nilivyolitamka neno hilo, kama mtu anayeandika ubaoni.

Mama hakubishana nami. Alifunika rundo lake akaenda zake kuchota maji.

Aibu kubwa zaidi ni kwamba kati ya watu wote wa wilaya hii, huenda mimi ndiye niliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kutosema uongo ule. Mwaka wangu wa mwisho chuo kikuu Dar es Salaam niliandika insha ndefu juu ya jambo hilohilo. Jinsi vishada vya atomi za metali vinavyovunja vifungo katika molekuli ndogo zenye naitrojeni. Nilipata alama ya juu. Mwalimu wetu alisoma kipande chake mbele ya darasa.

Najiandikia tena hapa, ili nione mahali nilipojidanganya.

Sumu ya muhogo mchungu ni sianidi. Ndani yake atomi ya kaboni na atomi ya naitrojeni zimeshikana kwa vifungo vitatu. Ni ndugu wa karibu wa naitrojeni ya hewani, ambayo nayo atomi zake mbili zimeshikana hivyohivyo, vifungo vitatu, na ndiyo sababu tunaivuta na kuitoa siku nzima bila kutufaa kitu. Vifungo hivyo havijali jua la kwenye mwamba, wala mchi. Hata atomi moja ya metali peke yake haiviwezi. Inaweza kuishika molekuli, basi, zikabaki zimeng'ang'aniana. Hicho ndicho kinachotokea mwilini mwetu. Sianidi inakalia chuma kinachotusaidia kutumia hewa tunayovuta, na pale inapokaa, kazi inasimama.

Lakini chimbua mzizi wa kunde au maharage, utaona vinundu vidogo. Ukivipasua vina rangi nyekundu kama nyama. Mle wanaishi vijidudu wenye kishada cha metali, atomi za chuma zimekusanyika pamoja na salfa na molibdeni. Sura yake kamili hakuna aliyeiona bado, tunakisia. Kinachojulikana ni kazi yake. Molekuli ya naitrojeni ikitua pale, haishikwi na mmoja, inashikwa na kishada. Metali zinaipa elektroni moja, kisha nyingine, na haidrojeni inaingia kidogokidogo. Kifungo cha kwanza kinalegea, halafu cha pili, halafu cha tatu, mpaka zile atomi mbili zinaachana na kuwa amonia, chakula cha mmea. Na wataalamu walipokipa kishada hicho sianidi badala ya naitrojeni, kiliivunja nayo. Naitrojeni ikatoka amonia, kaboni ikatoka kama ile hewa inayochemka kwenye matope ya bwawa.

Niliipenda sana picha ile. Kitu kisichokubali moto wala nyundo kinaachia polepole mbele ya kundi la metali lisiloonekana kwa jicho.

Sasa, mimi niliyeandika hayo yote, nilikwenda kwa wifi yangu nikamwambia kinu kinavunja sumu.

Kinu hakivunji sianidi. Kinu kinafanya jambo moja tu, kinapasua muhogo ili sumu iliyojificha iachiliwe na iruke hewani. Kazi hiyo inataka unyevu na inataka muda. Ukitwanga na kuanika kwenye jua kama hili la leo, unga unakauka kabla kazi haijaisha. Sumu nyingi inabaki imejificha kwenye unga mweupe mzuri. Ukungu wa mama, wenye majimaji yake na siku zake nyingi, ulikuwa unaifanya kazi ambayo mimi niliikatisha.

Mwili unaweza kujitetea kidogo ukipata salfa, na salfa unaipata kwenye maharage, nyama, maziwa, dagaa. Yaani vile vitu vyote ambavyo mwaka huu havipo.

Alhamisi ileile niliweka unga wa Boke kwenye chupa, nikatia maji kidogo, nikaning'iniza karatasi ya njano, nikafunga kizibo. Nikaweka na chupa nyingine ya unga kutoka kwa Chacha. Ijumaa asubuhi karatasi zote mbili zilikuwa nyekundu ya tofali, karibu kahawia. Kwenye kumbukumbu zangu za maabara sina karatasi iliyokolea namna ile, na darasani tunatumia majani mabichi ya muhogo, yenye sumu nyingi zaidi.

Karatasi haisemi kwamba hiki ndicho kilichoshika miguu ya Ghati. Inasema tu kwamba sumu imo. Lakini sikuwa na moyo wa kujificha nyuma ya tofauti hiyo.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nyamhanga. Ni yeye aliyesimamia watu walipohamishiwa hapa kutoka maboma yao ya zamani, na ni yeye aliyehimiza kila kaya ilime ekari ya muhogo kwa ajili ya njaa. Nilimwamkia, nikamweleza kila kitu, nikamwonyesha karatasi. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Mwalimu, ukitoka hapa ukasema muhogo una sumu, watu watakula nini leo jioni?"

Nikairudisha karatasi kwenye chupa. Akaendelea.

"Mahindi ya msaada tumeahidiwa. Ngoja yafike, ndipo useme. Watu wakiacha muhogo leo, watoto watakufa kwa njaa kabla hata miguu haijawashika. Na wewe ni mtumishi wa serikali. Maneno ya kuwatia watu hofu juu ya zao la kijiji, wapo watakaoyaita hujuma. Mimi sitasema hivyo. Lakini wapo."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama baba anayejaribu kunizuia nisiingie mtoni. Na nakiri, kwa muda nilitaka kumkubalia. Ningerudi Mugumu Jumapili, ningemwachia Boke peke yake njia sahihi, kimya kimya, na hakuna ambaye angejua yalianzia kwangu.

Nilifikiria hivyo. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Kilichonizuia si ushujaa. Nilimwuliza tu, nyumbani kwake wanatengenezaje unga. Akainuka, akaufungua mlango. Nikamwomba ruhusa nipime. Nyumbani kwake mkewe alinipa unga, nikaacha chupa mezani kwake, nikamwambia mama yule kwamba karatasi ikibadilika aniletee.

Mchana mama yule alikuja mwenyewe ofisini nilikokuwa nangoja, kashika chupa kwa mikono miwili kana kwamba imejaa moto. Alipita mbele ya mumewe, akaiweka mezani. Karatasi ilikuwa imeiva rangi.

"Wajukuu wako wamekula huu asubuhi," akamwambia.

Mzee Nyamhanga aliigeuza chupa ile mkononi. Halafu akamtuma mtu akagonge reli ya kuitia mkutano.

Watu walikusanyika kwenye uwanja wa ofisi, wanaume mbele na wanawake nyuma na pembeni. Boke alikuwa amesimama na majirani aliowafundisha. Mke wa Chacha alibebwa na shemeji zake, wakamkalisha kwenye blanketi. Mwenyekiti alisema maneno machache kisha akaniachia. Nilikuwa nimepanga kuanza na sumu, halafu njia sahihi, halafu mwishoni, kama muda utabaki, nitaje jinsi njia mbaya ilivyoingia. Nilipofungua mdomo ulitoka mwisho kwanza.

"Njia ya kutwanga na kuanika siku moja, ni mimi niliyeifundisha," nikasema. "Boke aliwafundisha alichosikia kwangu. Yeye hana kosa. Nilimwambia kutwanga kunavunja sumu. Haivunjiki hivyo. Nilikosea."

Nilisikia ndama akilia mahali fulani mbali.

Chacha alisimama. Ni mtu mrefu, mpole, tulisoma naye shule ya msingi.

"Robhi," aliniita kwa jina, hakuniita mwalimu. "Ulijua?"

"Sikujua. Nilidhani najua."

Alinitazama, akamtazama mkewe pale kwenye blanketi, akakaa chini. Afadhali angenipiga.

Baadaye ndipo nikaeleza. Nikasema sumu hii haikai milele, inatoka ukiipa maji na siku. Nikasema ukungu wa kwenye rundo si uchafu. Nilimtafuta mama kwa macho ili yeye aeleze, kwa sababu ndiye anayejua siku ngapi na dalili zipi. Alisimama akaeleza kwa Kikurya, polepole, jinsi ya kumenya, kufunika, kukwangua, kutwanga na kuanika mpaka bonge likivunjwa lipasuke kwa ukavu. Hakutaja mwezi wa sita. Hakunitazama pia.

Likabaki lile swali la mwenyekiti. Wiki nzima ya kungoja, watu wale nini?

Mtu mmoja akataja mtama wa mbegu ulio kwenye ghala la kijiji. Uwanja ukachafuka. Wengine walisema kula mbegu ni kuchimba kaburi la mwakani, wengine wakasema mwakani ni mbali. Mzee Nyamhanga aliwaacha wagombane mpaka wakachoka.

"Ile ni mbegu ya wote," akasema. "Nikifungua bila kibali nitaulizwa wilayani. Basi nitaulizwa. Tutatoa nusu, kwa kaya zenye watoto kwanza. Andikeni kwamba ni mimi."

Alitoa ufunguo mfukoni hapohapo. Akaenda kulifungua ghala mwenyewe.

Kaka yangu Marwa hakuzungumza mkutanoni. Lakini tulipofika nyumbani aliingia zizini akamtoa dume jekundu, mmoja wa ng'ombe aliokuwa anawalinda kwa ajili ya mahari ya kijana wake. Alimchinja kabla jua halijazama, akagawa nyama kwa nyumba za jirani. Ya Chacha alipeleka mwenyewe.

Leo tangu asubuhi tunamenya. Mama, Boke na mimi. Boke hakuwa amenisemesha tangu jana. Nilikaa pembeni nikiwa sijui kama naruhusiwa kushika kitu. Akaniwekea kisu mbele.

"Menya," akasema.

Nikamenya. Baada ya muda mrefu akaongeza, bila kuinua macho: "Ungeniambia hujui vizuri, ningemwuliza mama."

"Najua."

"Mimi nilikuamini kuliko mama."

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Kila jibu lililonijia lilikuwa la kunisafisha mimi, nikaendelea kumenya.

Ghati alikuwa karibu yetu, anachambua majani ya kufunikia rundo. Ni mtoto anayesikiliza kila kitu. Jana alisikia nikimweleza baba yake habari za vinundu vya kunde.

"Shangazi, vile vishada vya chuma vinavyovunja sumu. Mtu akivila, haviwezi kufanya kazi tumboni?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza kwamba vikitoka kwenye vinundu na kuguswa na hewa tu vinaharibika, na kwamba watu wenye akili sana, katika nchi kubwa, bado wanahangaika kuvitengeneza kwenye chupa. Akaweka majani chini.

"Basi nitatembea lini?"

Mama akaacha kumenya. Boke akaacha kumenya.

Nikasema, "Tutaona."

Nilisema nikageuka kuchukua muhogo mwingine, kisha nikaosha mikono, nikachukua daftari, nikaja huku nyuma. Nimekuwa huku zaidi ya saa moja, naandika kana kwamba kuandika ndiyo kazi niliyoitiwa.

Ninachojua ni hiki. Haitazidi, kama hatakula tena unga ule. Fimbo itamsaidia. Anaweza kupata nafuu kidogo. Haelekei kukimbia tena. Ninajua hivyo tangu Alhamisi, na leo nimemjibu mtoto kwa neno la mtu asiyejua. Mwezi wa sita nilijifanya najua nisichokijua. Leo nimejifanya sijui ninachokijua. Na yote mawili nimeyafanya katika nyumba hii hii.

Nimempelekea mkuu wa shule ujumbe kupitia dereva, kwamba sirudi Jumatatu. Anaweza kukasirika. Kesho watu wakitoka kanisani nitaanza na nyumba za upande wa mtoni, ambako hawakufika mkutanoni, nyumba moja baada ya nyingine, na kila mlango nitasema ni mimi kabla sijaulizwa.

Lakini hiyo ni kesho, na ni rahisi kuliko ya leo.

Nawasikia huko mbele wakimenya bila kuzungumza. Ghati anakohoa kidogo. Nafunga daftari. Nakwenda kukaa naye kwenye mkeka nimwambie.